Mchezo Usio na Kishindo

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, lakini si dogo. Ni juu ya michezo ya kuigiza ya televisheni, na hasa ile mipole, isiyo na bunduki wala matusi, ambayo baba, mama, bibi na watoto waweza kuitazama katika chumba kimoja bila mtu kuona haya mbele ya mwenzake.

Zamani televisheni ilikuwa mali ya watu wa mijini. Siku hizi sivyo. Vijijini vioo vya kunasa umeme wa jua vimefika juu ya mapaa, na vijana hutazama michezo hata katika simu za mkononi. Nyumba isiyo na televisheni haikosi jirani aliye nayo, na jioni watoto hukimbilia huko. Basi kila mzazi yampasa ajiulize: Watoto wangu wakaapo mbele ya kioo kile, wanalishwa chakula gani? Maana macho nayo hula, na kiingiacho kwa macho hukaa moyoni muda mrefu.

Wapo wasemao kwamba mchezo usio na mapigano, wizi na uzinzi hauwezi kupendeza. Watu watasinzia tu. Je, ni kweli? Tutazame mfano mmoja kutoka Marekani, nchi ambayo imeijaza dunia sinema za bunduki. Huko, miaka zaidi ya hamsini iliyopita, ulionyeshwa mchezo juu ya jamaa moja maskini ya mlimani. Haukuwa na shujaa wa kuruka juu ya magari, wala mpelelezi, wala tajiri mwenye siri. Hata hivyo mamilioni ya watu waliupenda, na wengine wanautazama hata leo. Jina lake ni The Waltons, yaani akina Walton.

MTOTO WA KIJIJINI

Aliyeutunga mchezo huo aliitwa Earl Hamner. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1923 katika kijiji cha Schuyler, jimbo la Virginia, karibu na milima iitwayo Blue Ridge. Alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake walifuata wadogo saba, wote wenye nywele nyekundu. Jamaa yao walikuwa Wakristo wa Kibaptisti.

Watu wa Schuyler waliishi kwa kuchimba na kuchonga mawe laini, ya namna ya yale yanayochongwa Kisii nchini Kenya. Kisha, mwaka 1929, uchumi wa Marekani ulianguka vibaya. Mabenki yalifungwa, viwanda vikanyamaza. Ilipofika mwaka 1933, katika kila wafanyakazi wanne wa nchi ile, mmoja hivi hakuwa na kazi. Kazi ya mawe pale Schuyler nayo ikakosekana, na baba yake Earl, mwenye watoto wanane wa kulisha, akabaki mikono mitupu.

Akafanya nini? Akafanya kama wanavyofanya akina baba wengi wa kwetu. Alifunga mzigo wake akaenda kutafuta kazi mbali. Aliipata katika kiwanda mjini Waynesboro, ng'ambo ya milima. Wiki nzima alilala huko kwenye chumba cha kupanga, na mwisho wa wiki alirudi nyumbani kwa basi. Basi lenyewe halikufika kijijini. Lilimshusha kwenye barabara kuu, naye akamalizia maili kama sita kwa miguu, au kwa kuomba lifti akibahatika kupata gari.

Mkesha wa Noeli wa mwaka 1933, baba huyo alichelewa. Theluji ilikuwa imeanguka, usiku ukaingia, na mama na watoto wakakaa wakisikiliza kama mguu wake utasikika mlangoni. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka kumi. Hakuusahau usiku huo maisha yake yote. Alipokuwa mtu mzima na mwandishi, aliuandikia kitabu, kilichotoka mwaka 1970, akakiita The Homecoming, maana yake kurudi nyumbani.

USIKU WA KUMNGOJA BABA

Kitabu hicho kiligeuzwa kuwa mchezo wa televisheni, na shirika la CBS likauonyesha tarehe 19 Desemba 1971. Katika mchezo, jamaa inaitwa Walton. Mama ni Olivia, baba ni John, na kijana mkubwa, ambaye sasa amefanywa kuwa wa miaka kumi na mitano, anaitwa John-Boy. Wapo babu na bibi, na watoto wote ni saba.

Ukitaka kueleza habari za mchezo huo, waweza kuzimaliza kwa sentensi moja: baba hajafika, nao wanamngoja. Basi. Mama anapika, watoto wanagombana kidogo, babu anatania, ng'ombe anakamuliwa. Redio yatangaza kwamba basi limepinduka barabarani na watu wameumia. Hakuna anayepiga yowe. Mama anazidi kushughulika na kazi zake, lakini mtazamaji auona uso wake, naye ajua. Mwisho anamtuma John-Boy aende usiku ule akamtafute baba.

Msomaji mpenzi, wewe uliyepata kumngoja mtu aliyesafiri, wajua kwamba hakuna mapigano ya sinema yanayoweza kuukaza moyo kama kungoja kule. Mama mwenye mume aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge, au kwenye machimbo ya dhahabu, au kuvua samaki kambini, ambaye alisema atarudi kabla ya Noeli, na sasa ni jioni ya mkesha, huyo haelezwi. Naye mke wa Virginia na mke wa Tabora hapo ni ndugu.

Kuna jambo jingine katika mchezo huo. John-Boy hujifungia chumbani mwake, na mama anadhani ana tabia mbaya anayoificha. Labda avuta sigara. Kumbe kijana anaandika. Daftari lake amelificha chini ya godoro, kwa kuwa anaogopa baba atavunjika moyo kuona mtoto mkubwa wa maskini anataka kazi ya kalamu badala ya kazi ya mikono. Baba anaporudi mwishowe, mzima, na zawadi mkononi kwa kila mmoja, zawadi ya John-Boy ni madaftari ya kuandikia. Hamwambii maneno mengi. Alikwisha kujua, naye ameridhia. Katika usiku mmoja mtoto amempata baba mara mbili.

Tusisahau pia mama mmoja mhisani atokaye mbali kuwagawia watoto maskini zawadi za Noeli. Mtoto akisema mstari mmoja wa Biblia, anapewa furushi. Elizabeth, mdogo wa wote, anafungua furushi lake na kukuta mwanasesere aliyepasuka uso. Hapo mtunzi hahubiri. Anatuonyesha tu machozi ya mtoto. Nasi twakumbuka kwamba sadaka yaweza kumtweza anayeipokea, ikiwa anayeitoa atoa kilichomchosha.

MWANZO WALIDHARAU

Mchezo huo wa usiku mmoja ulipendwa hata CBS wakaamua kuuendeleza kila wiki. Alhamisi tarehe 14 Septemba 1972, saa mbili za usiku, akina Walton walianza kuingia nyumbani mwa watu. Waliochaguliwa sasa kuwa baba na mama walikuwa Ralph Waite na Michael Learned, ambaye ni mwanamke ijapokuwa jina lake ni la kiume. Richard Thomas aliendelea kuwa John-Boy. Babu alikuwa Will Geer, na bibi Ellen Corby. Baba hafanyi tena kazi mbali. Ana mashine yake ya kupasulia mbao karibu na nyumba, na jamaa yote yamsaidia.

Wataalamu wa kazi hiyo walitabiri kwamba mchezo utakufa mapema. Saa ile ile mashirika mengine mawili yalikuwa na vipindi vyenye nguvu: NBC walikuwa na mchekeshaji Flip Wilson aliyependwa sana, na ABC walikuwa na mchezo wa polisi vijana. Nani angeacha kicheko na polisi akatazame watu wanaosali kabla ya kula?

Lakini watu waliacha. Si kwa siku moja. Polepole, nyumba baada ya nyumba. Mwaka 1973 mchezo ulipata tuzo ya Emmy, ambayo ndiyo heshima kubwa ya televisheni Marekani, kwa kuwa bora katika jamii yake. Katika msimu wa 1973 hadi 1974 ulikuwa wa pili katika vipindi vyote vya nchi kwa wingi wa watazamaji. Kipindi cha Flip Wilson kilikwisha mwaka 1974. Akina Walton waliendelea mpaka Juni 1981, yaani miaka tisa, na kulionyeshwa sehemu zaidi ya mia mbili. Katika hadithi yenyewe watoto walikua, toka mwaka 1933 mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili.

SI KWAMBA HAWANA SHIDA

Sasa tuingie katika kiini. Kwa nini watu waliupenda?

Wengine hujibu haraka: kwa sababu unaonyesha maisha mazuri yasiyo na taabu. Jibu hilo si kweli. Tazameni wenyewe.

Katika sehemu ya kwanza kabisa, mtoto wa kike anaachwa barazani kwa akina Walton. Hasemi, hajibu akiitwa. Wanagundua kwamba ni kiziwi. Mama yake mzazi amemwacha pale kwa hofu, kwa kuwa baba yake anataka kumpeleka akafungiwe mbali. Akina Walton wana watoto saba tayari, na nchi ina njaa. Wanampokea. Kisha John-Boy na wenzake wanajifunza alama za vidole, wanamfundisha, na mtoto yule ambaye dunia ilimwona kama kipande cha mti anaanza kuzungumza kwa mikono. Siku Elizabeth anapojifungia ndani ya sanduku katika mchezo wa kujificha na kukosa hewa, anayejua alipo ni yule kiziwi, na mikono yake ndiyo inayomwokoa.

Katika sehemu nyingine, ya Pasaka ya mwaka 1973, mama Olivia anashikwa na polio na miguu yake inapooza. Katika nyingine, ya mwaka huo huo, mama mmoja Mwamerika mweusi, Verdie Grant, anamwomba John-Boy amfundishe kusoma kwa siri. Binti yake amesomeshwa mpaka chuo kikuu kwa jasho la mama, naye mama hawezi kusoma hata barua ya binti huyo. Wale wa kwetu waliopita katika masomo ya watu wazima, walioshika kalamu mara ya kwanza wakiwa na wajukuu, wanajua uchungu wake na furaha yake.

Basi shida zipo tele: umaskini, ugonjwa, ulemavu, ujinga wa kusoma, na baadaye vita. Tofauti haiko katika shida. Tofauti ni kwamba katika nyumba ile hakuna mtu anayebeba shida yake peke yake. Mmoja akiumia, meza nzima yajua. Hilo ndilo linalovuta moyo wa mtazamaji. Yeye naye ana shida zake. Hana haja ya kuambiwa kwamba shida hazipo, maana hatasadiki. Ana haja ya kuona kwamba zabebeka.

Michezo ya kishindo hutuonyesha mtu mmoja anayewashinda wote. Mchezo mpole watuonyesha wengi wanaomwinua mmoja. Wa kwanza wafurahisha kwa saa moja. Wa pili waacha kitu ndani ya mtu, naye aenda nacho kulala.

BIBI ALIYEPOTEZA MANENO

Mfano ulio mkubwa kuliko yote haukutungwa na mwandishi. Ulitokea kweli.

Mwezi wa Novemba 1976, Ellen Corby, aliyekuwa bibi wa mchezo, alipata ugonjwa wa kiharusi. Alipona, lakini maneno yalikuwa yamempotea. Aliweza kutamka machache tu, tena kwa taabu. Sasa fikirini. Mtu wa kazi ya kuigiza ambaye hawezi kusema, ana kazi gani? Ingekuwa rahisi kumtafuta bibi mwingine, au kusema katika hadithi kwamba bibi amefariki, na mambo yakaisha.

Hawakufanya hivyo. Walingoja. Mwezi Machi 1978 walimrudisha katika sehemu iliyohusu kurudi kwa bibi kutoka hospitali, naye katika hadithi amepatwa na kiharusi kama yeye mwenyewe. Katika sehemu hiyo wote wanampenda mno. Wanamketisha kitini, wanamfunika blanketi, wanamnyang'anya kila kazi anayoishika. Bibi anahuzunika na kukasirika, na hana maneno ya kueleza. Mwisho wanaelewa: hataki kutunzwa kama yai; anataka kuwa na kazi ya kufanya, ataka nyumba imhitaji.

Wazazi wapenzi, jambo hilo lastahili kukumbukwa katika kila nyumba yenye mzee. Twafikiri tunamheshimu bibi tunapomwambia, "Wewe kaa tu, bibi, pumzika." Naye anakaa, na kukaa kwenyewe kunamwua polepole. Mpe maharage achague. Mpe mtoto amshike. Muulize dawa ya mtoto mwenye mchango, hata kama unayo ya zahanati. Mzee hafi kwa uzee tu. Hufa pia kwa kutohitajiwa.

Will Geer, yule babu, alicheza pamoja na bibi katika sehemu hiyo, na haukupita mwezi akafariki, tarehe 22 Aprili 1978. Hapo pia hawakutafuta babu mwingine. Msimu mpya ulipoanza, babu alikuwa amekufa katika hadithi pia, na jamaa ilikusanyika kaburini kwake mlimani. Watazamaji walilia pamoja na waigizaji, na machozi ya pande zote mbili yalikuwa ya kweli.

"LALA SALAMA"

Kila sehemu ya mchezo ilimalizika kwa namna moja. Nyumba yaonekana kwa nje, usiku. Taa zazimwa dirisha moja moja. Kisha sauti zasikika gizani, mmoja akimtakia mwenzake usiku mwema kwa jina, na mwenzake akimjibu: mama, baba, John-Boy, Elizabeth, mpaka wote wametajwa. Wakati mwingine mmoja auliza neno la mwisho, mwingine atoa utani, kisha kimya. Hamner alieleza kwamba ndivyo walivyofanya kweli nyumbani kwao. Tena ile sauti ya mtu mzima isimuliayo mwanzo na mwisho ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Jambo hilo dogo ndilo watu wanalolikumbuka kupita yote. Ni nini ndani yake? Ni kwamba kabla ya siku kwisha kila mtu ametajwa jina. Aliyekosa leo ametajwa. Aliyekasirika amejibu. Hakuna aliyelala akiwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Nyumba zetu nyingi zina desturi iliyo bora kuliko hiyo: Sala ya jioni, na Rozari, na baraka ya baba na mama juu ya watoto. Lakini tuseme kweli, katika nyumba ngapi desturi hiyo yafa? Baba yuko kilabuni, kijana yuko na simu yake chini ya blanketi, mama amechoka amelala. Siku inazimika kama taa iliyoishiwa mafuta, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

WENYE KUPINGA

Wapo walioukosoa mchezo huo, nao hatuwezi kuwaziba mdomo. Wanasema ni mtamu mno, kama chai iliyozidi sukari. Kwamba umaskini wa kweli unanuka na kupiga kelele, haukai vizuri mbele ya kamera. Wanasema pia kwamba Virginia ya miaka ile ilikuwa na sheria za kuwatenga Waamerika weusi, shuleni na kwenye mabasi, na mchezo, ijapokuwa ulimwonyesha Verdie Grant kwa heshima, haukuonyesha ukali wote wa sheria zile. Hayo yana ukweli ndani yake, na mzazi anayetazama na watoto anafanya vizuri akiwaeleza.

Tena wanasiasa nao wameutumia. Januari 1992 Rais George Bush, baba, alisema ataka jamaa za Marekani zifanane zaidi na akina Walton. Lakini jamaa haijengwi kwa hotuba. Akina Walton wenyewe hawakuwa malaika. Baba, ijapokuwa ana imani, si mtu wa kanisani, na jambo hilo lamsumbua mama. Babu huponyoka kwenda kwa mabibi wawili wazee, mtu na ndugu yake, wanaopika pombe kali na kuiita mapishi ya marehemu baba yao. Bibi ana ulimi mkali. Watoto wanadanganya, wanaoneana kijicho. Ubora wao ni kwamba hukosa, huungama, husamehewa, kisha wanakula chakula cha jioni.

KANISA LASEMAJE?

Mama Kanisa hakukataa mashine hizi. Tarehe 8 Septemba 1957 Papa Pius XII alitoa barua juu ya sinema, redio na televisheni, iitwayo Miranda Prorsus, akazitaja kama zawadi za kutumiwa kwa hekima. Papa huyo huyo, kabla hajafariki mwaka 1958, alimweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Kwa nini Klara, aliyeishi miaka mia saba kabla yake? Kwa sababu yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda kanisani, naye akiwa kitandani akajaliwa kuona na kusikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali. Kwake, kuona kwa mbali kulimwunganisha na wenzake, hakukumtenga nao.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulitoa hati juu ya vyombo vya habari tarehe 4 Desemba 1963. Na mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II aliandika ujumbe juu ya televisheni na familia. Aliwaomba wazazi wasiwaachie watoto mashine iwalee, bali watazame pamoja nao, wazungumze nao juu ya waliyoyaona, na inapofaa wawe na ushujaa wa kuizima.

Mtu atauliza: akina Walton ni Wabaptisti, mchezo wao watufaa nini sisi Wakatoliki? Twajibu: upendo wa nyumbani hauna mwenye kuumiliki. Nasi tunayo Jamaa Takatifu ya Nazareti. Yesu aliishi duniani miaka kama thelathini na mitatu, na iliyo mingi katika hiyo aliimaliza nyumbani, katika kijiji, pamoja na fundi na mama wa nyumbani. Injili yasema maneno machache tu juu ya miaka hiyo. Hapakuwa na kishindo. Palikuwa na mbao, mkate, maji ya kisimani, sala na utii. Kama Mungu mwenyewe alipenda kuishi hivyo miaka mingi vile, tusishangae moyo wa mtu ukivutwa na hadithi ya nyumba tulivu. Moyo watambua kwao.

TUFANYEJE?

Kwanza, wazazi, jueni watoto wanatazama nini, na kwa nani. Msikataze bila kutoa kingine. Mtoto aliyekatazwa tu huenda kuchungulia dirishani kwa jirani.

Pili, ukipatikana mchezo mwema, tazameni wote, kisha zimeni mzungumze. Muulize mtoto: Yule alifanya vema? Wewe ungefanya nini? Hapo mtajua mambo ya moyo wake ambayo hakuyasema mwaka mzima.

Tatu, nyumba isiyo na televisheni haijapungukiwa kitu. Earl Hamner hakukua na televisheni. Alikua na redio, na babu wa kumsimulia, na mama aliyesali. Kutokana na nyumba hiyo alizaliwa mwandishi ambaye hadithi ya jamaa yake ilizunguka dunia. Alifariki tarehe 24 Machi 2016, akiwa na miaka 92. Shule ya zamani ya kijiji chao imekuwa nyumba ya makumbusho tangu mwaka 1992, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuona mahali ambapo hapakutokea jambo lolote kubwa, ila baba mmoja alichelewa, watu wake wakamngoja, naye akafika.

Nne, na hili ni la wote. Kama katika nyumba yako yuko mtoto kiziwi au kilema aliyefichwa chumba cha nyuma, mtoe, mketishe mezani. Kama yuko bibi aliyepooza, mpe kazi inayomfaa. Kama baba yuko mbali kwa kazi, mwandikieni au mpigieni simu, na jioni mkisali mtajeni jina. Na wewe baba uliye mbali, usisahau kwamba wapo wanaosikiliza mguu wako mlangoni. Ukiahidi kurudi, rudi, na fedha ya safari usiiache kilabuni.

Leo usiku, baada ya Sala, kabla taa haijazimwa, mtajeni kila mmoja kwa jina mkamtakie usiku mwema. Msimwache aliyekosa leo; huyo mwanzeni naye. Mungu azibariki nyumba zenu.